Mashine Inayosahau Mchana

Saa ya ukutani ya Mama Roselida ilisema kama watu wanavyosema. Ikiwa saa nane mchana, mshale mfupi ulikaa juu ya nane. Saa nyingine zote za Busia, ya benki, ya forodha na ya padri, wakati huo zilionyesha mbili, na watu walizisoma kinyume bila kufikiri, kama walivyofundishwa shuleni. Mume wa Roselida, Methuselah Wabwire, alikuwa karani wa mizani ya malori, na jambo hilo lilimkera maisha yake yote. "Kwa nini mdomo useme nane na mshale uonyeshe mbili?" alikuwa akiuliza wageni. Mwaka wa 1988 alipanda juu ya kiti, akaugeuza mshale, akashuka. Baada ya kifo chake hakuna aliyeugusa.

Saa hiyo ilining'inia katika ofisi ya Roselida, chumba kimoja kwenye barabara ya kwenda mpakani. Kulikuwa na simu, taipureta mbili, na tangu Machi ya mwaka huo wa 1999, kompyuta moja iliyoweza kupiga simu Nairobi na kufungua kurasa za mtandao. Printa ilikuwa imepelekwa Kisumu kutengenezwa na haikurudi.

Betri ndogo ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika, mashine ilisahau siku, na ilipowashwa iliamka ikidhani ni tarehe mosi Januari 1980. Fundi alisema betri iagizwe. Roselida hakuona haja. Alibofya ile saa ndogo iliyo kwenye kona ya skrini, akaweka tarehe kutoka kwenye kalenda ya kanisa na saa kutoka ukutani. Kabla ya adhuhuri aliweka AM, baada ya adhuhuri PM. Alifanya hivyo kila asubuhi, na tena kila siku saa nane, kwa sababu mwaka huo umeme ulikuwa wa mgao na upande wao wa barabara ulikatiwa kuanzia saa sita. Hakukosa hata siku moja.

Akiror alifika hapo mara ya kwanza Jumanne, tarehe kumi na mbili Oktoba, saa nane na robo. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kwa miaka sita alikuwa ameosha slaidi katika maabara ya hospitali ya Alupe: vioo vidogo ambavyo watu wengine waliviweka chini ya hadubini, wakaona kitu, wakaandika, kisha wakamrudishia yeye avioshe. Alitaka kuwa yule anayeona. Chuo kimoja cha Uholanzi kilitangaza nafasi kumi kwa Wakenya, masomo ya miaka miwili, kwa mtu asiyezidi miaka ishirini na saba. Muda wa kutuma kwa posta ulikuwa umekwisha Agosti. Fomu ya mtandao ingefungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Desemba Akiror angetimiza ishirini na minane.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Alijaza wa kwanza polepole, kwa vidole viwili: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule. Akabofya, wa pili ukafunguka. Akajaza wa pili, akabofya. Ukurasa ukamjibu kwa Kiingereza cha adabu kwamba hajajaza wa kwanza, tafadhali arudi. Akarudi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe.

Alijaza tena. Ikawa vilevile. Alijaza mara ya tatu akiwa amekaza meno, laini ya simu ikakatika.

"Umebonyeza vibaya," Roselida alisema. "Asubuhi mwalimu wa Matayos alijaza zote sita hapa hapa, kwenye fomu hiyo hiyo yenu."

Kabla ya kuondoka, Akiror alitoa daftari la kurasa nyembamba na kuandika: *Jumanne. Saa nane na dakika ishirini, ukurasa wa pili, umekataa. Saa nane na nusu, ukurasa wa pili, umekataa.* Maabarani kila kilichooshwa kiliandikwa saa yake. Hakujua namna nyingine ya kukasirika.

Jumatano alirudi. Mashine ikamkataa mara nne. Alikuwa katika mara ya tano Opolot alipoingia kupiga simu.

Opolot alikuwa karani wa kampuni ya wakala wa forodha, wiki hii Busia, wiki ile Malaba, kila mara na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Yeye na Akiror walisoma shule moja ya msingi. Yeye pia aliitaka moja ya zile nafasi kumi. Alitaka kusomea mambo ya bandari. Alisimama nyuma ya kiti cha Akiror.

"Bado uko ukurasa wa kwanza?"

"Niko wa pili."

"Jana pia uliambia watu uko wa pili. Mimi leo asubuhi nimefika wa nne, na nilikuwa naangalia tu. Sijaanza hata kujaza vizuri." Alivuta hewa puani. "Akiror, hii kitu inachagua watu. Inanusa dawa ya hospitali."

"Ikikunusa wewe itazimika. Umelala ndani ya lori?"

Roselida alicheka bila kuinua macho kutoka kwa taipureta.

"Mama, usicheke," Opolot alisema. "Mwambie ukweli. Chuo cha Wazungu kinauliza watu wa kichwa. Sabuni atapata hapa hapa Alupe."

Ukurasa wa pili ukafunguka kwenye skrini. Akiror akajaza, akabofya, na wote watatu wakasoma jibu. Opolot akaenda kwenye simu. Alipiga simu yake, akatoka, na mlangoni akageuka tu kumwangalia, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko neno.

Alhamisi Akiror hakwenda mjini. Alipomaliza kazi alikwenda chumba cha takwimu, mwisho wa jengo, kumwona Perez.

Perez alikuwa mwanamke wa Port Victoria, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kazi yake ilikuwa kuingiza namba za wagonjwa katika kompyuta na kuhakikisha hazipotei. Mashine zake hazikuwa na laini ya simu. Lakini alikuwa amesoma kila kitabu kilicholetwa pamoja nazo. Akiror alimpa daftari. Perez alisoma mistari yote saba.

"Wewe unadhani maneno yako yakienda, yanaenda wapi?"

"Uholanzi."

"Hayajafika Uholanzi, dada. Yako hapo mezani kwa Mama." Perez aligeuza kiti. "Sikiza. Chuo hakitaki kukuweka kichwani mpaka umalize fomu yote. Wako watu wengi, wengine wanaanza wanaacha. Kwa hiyo ukibonyeza, kinaandika karatasi ndogo, yaani faili ndogo, kinaiacha ndani ya mashine unayotumia. Ukifika ukurasa mwingine kinaiambia mashine, hebu nionyeshe ile karatasi. Mashine ikiwa nayo, unaendelea. Ikiikosa, wewe ni mgeni, anza upya. Wazungu wanaiita kuki."

"Kuki ya kula?"

"Ya kula. Usiniulize kwa nini, mimi siwalishi."

Akiror alikumbuka maandishi madogo juu ya fomu. Yalisema majibu yatahifadhiwa katika kompyuta yako kwa muda wa saa nne. Alikuwa ameyasoma mara saba bila kuyaamini. Hakuwa na kompyuta.

"Mbona mashine inaikosa na imeandikwa sasa hivi?"

"Hiyo ndiyo najiuliza. Karatasi imeandikwa pia wakati wake wa kufa. Pakiti ya maziwa je, si ina tarehe? Duka likiona tarehe imepita, linatupa. Chuo kinahesabu saa nne mbele kwa saa yake, kinaandika. Lakini anayesoma ile tarehe ni mashine, na mashine inaangalia saa yake yenyewe. Kama saa yake imetangulia sana, maziwa yanafika dukani yakiwa yameharibika. Inatupa hapo hapo, na haikuambii." Perez alipitisha kidole kwenye daftari. "Zote ni za mchana."

"Asubuhi niko kazini."

"Na wanaokuja asubuhi?"

"Mwalimu wa Matayos alimaliza. Na Opolot alifika wa nne."

"Basi mashine ya asubuhi na mashine ya mchana hazina saa moja. Kesho angalia saa iliyo kwenye kona, na umwangalie anayeiweka." Alifungua droo, akatoa disketi, akaandika juu yake kwa kalamu mahali ile faili inapokaa. "Kabla ya kugusa chochote, nakili hii kwanza. Hata kabla ya kufungua kivinjari. Mtu hagusi saa ya mashine bila kuweka nakala. Ukiivunja, unarudisha."

Akiror aliirudia kwa sauti. Nakili kwanza.

Ijumaa boda alimfikisha mjini saa nane kasoro dakika tano, baiskeli ikiwa na vumbi mpaka kwenye usukani. Taa ilikuwa haijarudi. Roselida alikuwa amekaa akichambua mchele kwenye sinia.

"Leo ni leo," alisema.

"Leo ni leo, Mama."

Saa nane umeme ukarudi. Roselida aliweka sinia chini, akawasha mashine, akangoja. Alibofya saa ya konani. Aliangalia kalenda, akaweka tarehe kumi na tano. Kisha akainua macho ukutani, ambapo mshale mfupi ulikuwa juu ya nane na mrefu umepita kumi na mbili kidogo, akaandika: 8:03. Ilikuwa mchana. Akaweka PM.

Akiror alikuwa ameliona jambo hilo Jumatano, lakini siku hiyo alikuwa akiangalia vidole tu. Sasa alihesabu. Nane ya PM ni saa mbili usiku. Mashine ilikuwa saa sita mbele ya mchana. Karatasi ya saa nne iliyoandikwa sasa ingekufa saa kumi na mbili jioni, na kwa mashine hii saa kumi na mbili jioni ilikuwa imepita tangu zamani. Na asubuhi? Asubuhi ya saa mbili Roselida aliandika mbili, akaweka AM, ambayo ni usiku wa manane uliopita. Mashine ilikuwa saa sita nyuma, na karatasi zilikaa humo bila wasiwasi.

Alikaa kwenye kiti. Alitia disketi, akatafuta faili kama Perez alivyoandika, akanakili. Mashine ilikoroma, ikanyamaza.

"Nini hiyo?" Roselida aliuliza.

"Nakala. Mama, naomba nibadilishe saa."

"Saa gani?"

"Ya mashine."

"Nimeiweka sasa hivi."

"Umeiweka ya ukutani."

"Na ya ukutani ina nini?"

Akiror alichagua maneno yake. Mwanamke aliyekaa mbele yake alikuwa amezika mume, akasomesha binti aitwaye Maurine hadi chuo cha ualimu kwa taipureta mbili, na kwenye ukuta ule hapakuwa na picha ya marehemu. Palikuwa na saa.

"Haina kitu, Mama. Iko sawa. Ni mashine ndiyo haijui Kiswahili. Ukiiambia nane, inasikia saa mbili ya usiku."

Roselida alisimama. Aliangalia ukuta, akaangalia kona ya skrini, akarudi ukutani. Midomo yake ilisogea kidogo.

"Miezi saba," alisema mwishowe.

"Asubuhi haina shida."

"Miezi saba watu wa mchana wanalalamika, nawaambia wamebonyeza vibaya." Alichukua sinia lake la mchele. "Ya mashine geuza. Ya Wabwire usiiguse."

Akiror aliandika 2:09 PM. Kisha alifungua kivinjari, akangoja modemu ipige kelele zake, akafungua fomu.

Fomu haikuwa nyeupe. Ilifunguka ukurasa wa sita, na juu yake kulikuwa na jina la Opolot.

Alidhani amekosea. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, na mwingine. Vyote vilikuwa hapo: shule yao ya msingi, alama za mtihani wa kidato cha nne, malori aliyoyapitisha Malaba kwa mwaka, majina ya wadhamini wawili. Kurasa tano zimejaa. Wa sita, ambapo mtu alitakiwa kueleza kwa maneno mia mbili kwa nini anataka nafasi hiyo, ulikuwa mtupu.

"Opolot alikuja asubuhi?"

"Alikuja. Alikaa tangu saa nne. Saa tano na nusu wakampigia simu kutoka Malaba, lori limekataliwa, akafunga akakimbia. Alisema amemaliza."

"Hajamaliza. Hajatuma."

Waliangalia skrini wote wawili. Waliotengeneza fomu hiyo walidhani kila mashine ina mwenyewe. Ilibeba karatasi ya mtu mmoja tu. Chini ya ukurasa kulikuwa na kitufe kimoja cha kijivu kilichosema Anza Upya, na hakukuwa na njia nyingine ya Akiror kupita.

"Mpigie simu," Roselida alisema.

Akiror alipiga Malaba. Sauti ya mwanamke ilisema Opolot yuko uwanjani kwa malori, ataambiwa, labda ataondoka saa tisa, labda lori likikubaliwa. Akiror alikata simu. Saa nane na robo. Juzi laini ilikuwa inachukua dakika kumi kwa ukurasa ikiwa na moyo mzuri, na leo ilikuwa Ijumaa, siku ambayo kila mtu hupigia simu Nairobi. Angeweza kumngoja. Angeweza pia kuandika ule ukurasa wa sita kwa niaba yake, maneno mia mbili ya uongo, na kuituma fomu yake. Nafasi zilikuwa kumi. Karatasi ya Opolot, iliyoandikwa saa tano na nusu, ingekufa yenyewe saa tisa na nusu, bila mkono wa mtu, na hakuna ambaye angemlaumu yeyote.

Aliweka kidole kwenye kipanya.

"Utamfuta mtoto wa watu?" Roselida aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Akiror alichomoa disketi, akaiinua.

"Yuko hapa. Nilimnakili kabla sijajua ni yeye."

Alibofya kile kitufe. Fomu ikawa nyeupe.

Ukurasa wa kwanza aliujua kwa moyo, alikuwa ameujaza mara nyingi. Akabofya. Wa pili. Akajaza, akabofya, na mabega yake yakapanda yenyewe kungoja lile jibu la adabu. Ukafunguka wa tatu.

Roselida aliendelea kuchambua mchele, lakini punje aliyoishika ilikaa mkononi muda mrefu.

Saa tisa laini ilikatika. Akiror alipiga tena, mara nne, na fomu iliporudi ilikuwa ukurasa wa nne, alipoiacha, na kila neno lake. Ukurasa wa sita alikuwa ameuandika nyumbani, kwenye daftari, nyuma ya ile orodha ya kukataliwa. Aliandika kwamba kwa miaka sita ameosha vioo elfu nyingi na kila kimoja kilikuwa na mtu, na kwamba angependa kuwaona kabla ya kuwaosha. Alitaka kufuta sentensi hiyo, ilikuwa na maringo. Akaiacha. Saa kumi kasoro dakika kumi alibofya Tuma. Mashine ikakaa. Kisha ukurasa mdogo ukaja, ukashukuru, ukampa namba.

Opolot aliingia dakika tano baadaye. Shati lake lilikuwa na grisi na kalamu zilikuwa zimebaki mbili.

"Toka hapo, Akiror. Nina ukurasa mmoja tu."

Akiror aliinuka. Opolot alikaa, akafungua fomu. Ilikuwa nyeupe. Alirudi nyuma, akaenda mbele, na kila alipobofya ilikuwa nyeupe.

"Nani amegusa kazi yangu?"

"Mimi," Akiror alisema. "Mashine inabeba mtu mmoja."

"Umenifuta." Alisema polepole, kama anayejaribu uzito wa neno. "Kwa sababu ya utani wa Jumatano."

"Kwa sababu ya saa kumi na moja. Sogea kidogo."

Alifunga kivinjari, akatia disketi, akairudisha ile faili mahali pake, akafungua tena. Wote watatu waliinama. Nyeupe.

Roselida alitoa sauti ndogo kooni. Opolot aliangalia mikono yake. Akiror alisimama akifikiri kama anavyofikiri mtu mbele ya slaidi isiyotakata: alianza tena kutoka mwanzo. Faili iko. Imerudi mahali pake. Saa ya konani inasema 4:01 PM, na ni kweli ni saa kumi jioni. Karatasi ilikufa saa tisa na nusu. Mashine imeangalia saa yake, saa ya kweli, ikaitupa.

Aliinua macho ukutani. Mshale mfupi ulikuwa juu ya kumi.

"Mama," alisema, "njoo uweke saa."

"Si umesema saa yangu inaharibu?"

"Iweke ya Mzee Wabwire. Lakini uweke kama ya asubuhi, AM."

Roselida alifuta mikono kwenye leso. Alikaa, mgongo umenyooka, akaangalia ukutani ingawa hakuwa na haja, akaandika 10:03 AM. Kwa mashine ilikuwa saa nne asubuhi. Saa tisa na nusu ilikuwa bado iko mbele, mbali. Akiror alirudisha faili mara ya pili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imetupwa, akafungua kivinjari.

Ukurasa wa sita ulifunguka, na juu yake jina la Opolot.

"Kurasa zangu," Opolot alisema.

"Andika," Roselida alisema. "Umechelewa, mwanangu, usitutolee machozi juu ya kibodi."

Aliandika. Maneno mia mbili hayakumjia kwa urahisi kama utani wa Jumatano. Aliandika, akafuta, akauliza tahajia ya neno moja, Akiror akamtajia herufi moja moja. Laini ilikatika mara moja. Saa kumi na dakika arobaini na nane akabofya Tuma, ukurasa mdogo ukaja, ukamshukuru, ukampa namba. Namba yake ilikuwa kubwa kuliko ya Akiror kwa kumi na tisa. Katika saa moja watu wengine kumi na wanane walikuwa wametuma, kutoka popote walipokuwa, na nafasi zilibaki kumi.

Opolot alikaa akiiangalia ile namba.

"Ungeniacha tu," alisema. "Nisingejua."

"Kutupa watu ni kazi ya mashine," Akiror alisema. "Toa disketi, ni ya watu."

Alimpa. Kisha akapapasa mfuko wa shati, akatoa moja ya zile kalamu mbili, akaiweka juu ya meza karibu na mkono wake bila kusema ni ya nini. Akiror aliichukua. Alifungua daftari nyuma ya mistari saba ya kukataliwa, akaandika *Ijumaa*, halafu akasita, kwa sababu skrini ilisema 10:50 AM na saa yake ya mkononi ilionyesha 4:50.

Aliinua macho ukutani, akaandika: *Saa kumi kasoro dakika kumi, ukurasa wa sita, umepokelewa. Saa kumi na dakika arobaini na nane, ukurasa wa sita, Opolot, umepokelewa.*

"Niirudishe ya mashine?" aliuliza.

"Iache," Roselida alisema. "Kesho asubuhi nitaiweka mwenyewe. Nimeshajua inasikia nini." Akarudi kwa mchele wake.